Mbwa wa mtoto: kamtazameni mama yake kwanza

Swali: "Daktari, salamu kutoka Keshero, hapa Goma. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, na tangu likizo ya Krismasi hajaacha kuomba mbwa. Ana mdogo wake wa kike wa miaka 2. Baba yao amekubali, ila anataka mbwa wa aina ya Malinois, ili awe mbwa wa mtoto na mlinzi wa nyumba kwa pamoja. Kuna kijana anayeuza kitoto kimoja cha mbwa huyo kando ya barabara. Anasema kina miezi 2 na ni cha mbegu safi. Jirani yetu naye ana mbwa wa kienyeji aliyezaa vitoto 5. Sasa vina wiki 5, na yuko tayari kutupa kimoja bure hata leo. Paseli yetu si kubwa, imezungukwa na ukuta wa mawe. Tuchukue yupi, na alale wapi?"

Jibu: Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kuchukua, maana wengi hunijia mbwa akiwa ameshaingia nyumbani na mtoto ameshampa jina, na hapo ushauri wowote unakuwa mchungu. Nitangulize jibu, kisha nieleze sababu zake. Chukueni kitoto cha jirani, lakini si leo. Kiacheni kwa mama yake wiki 3 nyingine, na katika wiki hizo mwende kukitembelea pamoja na kijana wenu mara nyingi kadiri mtakavyoweza. Cha barabarani msikichukue, hata bei ikishushwa mpaka nusu.

Sisemi hivyo kwa sababu Malinois ni mbwa mbaya. Ni mbwa hodari sana, na hodari wa aina yake ndiye anayekuwa mzigo asipopata kazi. Jina lake limetoka katika mji wa Malines, nchini Ubelgiji, ambako aliendelezwa kwa kuchunga kondoo. Baadaye polisi na majeshi ya nchi nyingi wakamchukua kwa wepesi na ukali wake wa kutii amri. Mbwa wa namna hiyo anahitaji kazi ya kila siku, saa nzima na zaidi, chini ya mtu mzima aliyejifunza kumwongoza. Akifungiwa katika paseli ndogo bila kazi, atajitafutia yake mwenyewe, na kazi anayoijua tangu enzi za mababu zake ni kukimbilia kinachokimbia na kukirudisha kundini. Sasa hebu fikiri ni nini kinachokimbia Keshero: pikipiki, chukudu, yaani baiskeli za mbao za mizigo, zinazoteremka na magunia ya makaa, na watoto. Binti yenu wa miaka 2 akitoka mlangoni mbio huku akipiga kelele za furaha, Malinois asiyefunzwa anaweza kumwona kama mwanakondoo aliyepotea njia, naye mwanakondoo hurudishwa kwa meno. Mbwa huyo hatakuwa na chuki yoyote moyoni, lakini jeraha halitapungua kwa sababu hiyo.

Najua mumeo ana hoja yake, na ni hoja ya haki. Hakuna baba wa Goma asiyefikiria usiku. Ila tafadhali mwambie hivi kutoka kwangu: anachokiogopa mwizi zaidi ni kelele, na karibu kila mbwa aliyelelewa vizuri ndani ya familia huanza mwenyewe kumbwekea mgeni mlangoni anapokaribia kuwa na mwaka, bila kufundishwa na mtu. Kinachoharibu mambo ni ile desturi ya kumtengeneza mbwa awe mkali, yaani kumfunga mnyororo mchana kutwa nyuma ya nyumba, kumtilia pilipili katika chakula, kumchokoza kwa fimbo ili "achukie watu". Pilipili humuumiza tumbo tu. Mnyororo na fimbo humfundisha kwamba binadamu anayemkaribia analeta maumivu, na mbwa hana namna ya kujua kwamba somo hilo lilikusudiwa wezi peke yao. Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka 6 kabla hajapelekwa hospitalini, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa karibu zaidi, shavu limefunguka kuanzia chini ya jicho mpaka kwenye mdomo. Mbwa alikuwa wa kwao. Alikuwa amefungwa miezi 8 kwenye nguzo ya jikoni, na siku hiyo mtoto alimpelekea sahani ya bugali kwa mikono yake mwenyewe, kwa upendo kabisa. Niliposhika kitambaa kwenye shavu lile nilikuwa nikijilaumu, kwa kuwa mbwa yule nilikuwa nimemchanja mimi, nikauona mnyororo, nikanyamaza. Tangu siku hiyo sinyamazi tena, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Basi tuje kwenye kuchagua. Watu huniuliza kuhusu mbegu, nami huwajibu kwa kuuliza habari za mama. Mbwa aliyembeba na kumnyonyesha huyo kitoto ana tabia gani mbele ya watoto? Hilo lina uzito kuliko rangi, masikio na karatasi yoyote, kwa sababu kitoto hurithi sehemu ya tabia yake katika damu, na sehemu nyingine hujifunza kwa kumtazama mama katika wiki za mwanzo. Mama mwoga, anayejificha chini ya meza kila mtu anapoingia, atawaambukiza watoto wake woga huo kabla hawajafikisha miezi 2, na mbwa mwoga ndiye anayeuma kuliko mbwa mwingine yeyote ninayemjua. Kijana wa barabarani hawezi kuwaonyesha mama. Hata maneno yake kuhusu umri hamwezi kuyahakiki msipotazama meno: kitoto cha wiki 8 kinapaswa kuwa na meno yote 28 ya utotoni, 14 juu na 14 chini, membamba na makali kama sindano, wakati kile cha wiki 5 meno ya nyuma ndiyo kwanza yanachomoza kwenye fizi. Nimeshaona vitoto vya wiki 4 vikiuzwa kama vya miezi 2 ndani ya boksi lililowekwa juani. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mgonjwa.

Kuhusu mbwa wa kienyeji, naomba msimdharau. Katika nchi yetu tuna tabia ya kumwita mbwa shenzi na kumpa makombo, kisha tunatafuta kwa fedha nyingi mbwa ambaye babu zake walizoea baridi ya Ulaya. Ajabu ni kwamba Wazungu wenyewe walikuja kuchukua mbwa wa Congo: yule anayeitwa leo duniani kote Basenji ni mbwa wa misitu yetu, na hata jina lake linatokana na neno hilohilo la "shenzi". Jozi moja ilionyeshwa London mwaka 1895, ikafa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa ambao nitautaja tena hapo chini. Mbwa wa jirani yenu huenda si Basenji, na haidhuru. Ni mbwa wa ukubwa wa wastani, mwenye manyoya mafupi yasiyoficha kupe, asiyehitaji nyama ya kilo 1 kwa siku, na ambaye nyayo zake zimezoea mawe haya meusi ya volkano yanayowakata mbwa wageni vidole. Akifikisha utu uzima, mtoto wa miaka 9 anaweza kumshika kwa kamba bila kuburutwa. Kwa nyumba kama yenu, hizo ni sifa za kweli.

Kwa nini basi msikichukue leo, hali mnapewa bure? Kwa sababu kati ya wiki ya 5 na ya 8 kuna shule ambayo hakuna binadamu anayeweza kuifundisha vizuri. Nendeni jioni moja mkakae uani kwa jirani bila kusema neno, mtaiona. Kitoto kimoja kitamkamata mwenzake sikio na kulibana. Mwenzake atalia kwa sauti kali, atajichomoa na kwenda zake, na mchezo utakoma. Kile cha kwanza kitabaki kimesimama peke yake, mkia umelala, kikishangaa. Baada ya muda kitarudi na kubana tena, ila safari hii polepole zaidi. Kikimfanyia mama yake hivyo kwenye titi, mama atanguruma, na wakati mwingine atakibana pua kwa mdomo wake bila kukiumiza. Hivyo ndivyo mbwa anavyojifunza kupima nguvu ya meno yake, naye aliyeondolewa mapema huja kujifunza kipimo hicho kwenye mikono ya watoto wenu.

Hata hivyo msisubiri mno. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, akili ya mbwa iko wazi kupokea mambo mapya bila hofu. Baadaye mlango huo hufungwa taratibu, na kila kitu ambacho hakukijua humtia shaka. Ndiyo maana nawahimiza mwende huko mapema, kijana wenu akae chini na kuachwa anuswe, na binti yenu abebwe mikononi ili sauti yake isikike. Kitoto kisikie mvua juu ya mabati, sufuria ikianguka, pikipiki ikiwashwa. Wiki ya 8 ikitimia, kichukueni.

Sasa siku ya kuchagua. Mkifika, kwa robo saa ya kwanza msivitazame vitoto. Mtazameni mama. Mwana wenu akae juu ya jiwe, mikono magotini, asimwite wala asimkodolee macho. Mama akinguruma kidogo kwa kuwa ana watoto, hilo si kosa, ni haki yake. Mwenye nyumba akimtuliza kwa sauti na yeye akatulia, akaja kunusa viatu, mkia wake ukicheza kwa ulegevu, mmepata mnachokitafuta. Akibaki mkakamavu, mkia umejikunja tumboni au umesimama wima kama fimbo, na asilainike hata mkikaa nusu saa, basi ningewaomba mtafute kwingine, hata kama vitoto ni vizuri namna gani.

Kisha vitazameni vitoto kimoja kimoja, mbali kidogo na wenzake. Kuna kile kinachokuja mbio kabla ya wote na kung'ang'ania kamba za viatu. Watoto hukipenda mara moja, na mara nyingi ndicho kitakachowachosha. Kuna kile kinachojibanza nyuma ya mama. Watu wenye huruma hukichukua, nami nawaelewa, lakini nyumba yenye mtoto wa miaka 2 siyo mahali pa kukiponyea woga wake. Vya katikati ndivyo vinavyofaa. Dondosheni kifuniko cha sufuria hatua chache kutoka kilipo: kishtuke, ndiyo, lakini baada ya muda mfupi kirudi kunusa kile kilichokishtua. Kibebeni kwa mikono miwili kifuani. Kitajinyonganyonga, kisha kitatulia. Kisipotulia kabisa, au kikigeuka jiwe mikononi, kirudisheni chini. Majaribio haya hayana uhakika wa kiapo, kwa kuwa kitoto kilichotoka usingizini hakifanani na kilichotoka kula, kwa hiyo rudieni siku nyingine. Mama yao ndiye shahidi ninayemwamini zaidi.

Katika mikono hiyohiyo, kagueni afya. Inueni mdomo: fizi ziwe na rangi ya waridi, kwa maana fizi nyeupe huonyesha damu iliyoisha kwa minyoo au viroboto. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zikionekana ni minyoo. Macho yasiwe na tongo, pua isichuruzike, na chini ya mkia kusiwe na uchafu wa kuhara. Tanueni vidole vya miguu mtazame kama kuna funza, kwa kuwa funza wa mbwa na funza wa watoto ni walewale, na mbwa anayelala katika vumbi huwaleta hadi mkekani. Kuhusu jike au dume, kwa tabia ya upole tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Jike hupata joto mara ya kwanza kati ya miezi 6 na 12, kisha karibu kila baada ya nusu mwaka, na mimba yake ni siku 63 hivi. Msipotaka madume ya mtaa mzima yalale mbele ya mlango wenu, semeni na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi, kama vile dume naye anavyoweza kuhasiwa.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Kama kuna ndugu au rafiki mnayemwamini anayehama na mbwa wake wa mwaka 1 au 2 aliyekua pamoja na watoto, mfikirieni huyo kwa uzito uleule. Mbwa mzima hana mafumbo, tabia yake mnaiona leo na si kwa kubahatisha. Nimeona nyumba nyingi zilizofurahi na mbwa wa namna hiyo.

Chanjo. Hapa nitakaza sauti, unisamehe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya watu hutoka kwa mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa huu bado unazunguka. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi kubwa ya kuokoa, na tumeijua tangu Julai 1885, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliposimamia kuchomwa sindano 13 kwa Joseph Meister, mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Meister alikuwa na miaka 9, umri wa mwanao. Kwa hiyo kitoto chenu kichanjwe dhidi ya kichaa kikifikisha wiki 12, kirudiwe baada ya mwaka, kisha kila mwaka, na kadi ya chanjo itunzwe pamoja na karatasi za watoto. Na mbwa yeyote akimuuma au hata kumkwaruza mtoto, iwe ni wenu au wa njiani, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, kisha mwende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Msitie makaa, mafuta wala majani. Mbwa aliyeuma asiuawe haraka. Kama anaweza kufungiwa salama, atazamwe siku 10, kwani akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi hivyo kwenye mate alipouma.

Kabla ya wiki 12 kuna maadui wengine wawili. Wa kwanza ni parvo, inayoleta kutapika na kuhara damu, na ambayo virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Ikiwa mbwa mwingine alikufia katika paseli yenu mwaka jana kwa kuhara damu, nijulishe kabla hamjaleta kitoto. Wa pili ni ugonjwa wa Carré, ulioitwa hivyo kwa jina la Mfaransa Henri Carré, aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba unaletwa na virusi. Ndio uliowaua wale mbwa wawili wa Congo huko London. Chanjo za magonjwa haya huanza kitoto kikiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka kitimize wiki 16. Mpaka hapo, kitoto kisitembezwe sokoni wala kwenye majalala; kibebwe mikononi, kitazame dunia kutoka juu.

Minyoo ndiyo inayonihangaisha zaidi kwa ajili ya binti yenu. Vitoto vya mbwa huzaliwa na minyoo, kwa sababu hupita kutoka kwa mama kabla hata ya kuzaliwa, kisha tena kwenye maziwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, huhitaji kama wiki 2 hadi 4 udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, na mtoto wa miaka 2 hupeleka kila kitu mdomoni. Mabuu hayo yakiingia mwilini mwa mtoto yanaweza kutangatanga mpaka kwenye ini, mapafu na hata jicho. Muombeni jirani aanze leo kuvipa vitoto na mama yao dawa ya minyoo. Aendelee kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha ninyi mwendelee kila mwezi mpaka miezi 6, kisha kila miezi 3. Na kinyesi kiokotwe kila siku, kila siku bila kuacha. Mayai yasipopewa muda wa kukomaa, hayana madhara.

Chakula nitakigusa kidogo tu: bugali peke yake hailei mbwa. Changanyeni na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, zilizochemshwa, au utumbo, au maharage yaliyoiva sana, bila vitunguu na bila mifupa ya kuku iliyopikwa. Mara 4 kwa siku mpaka miezi 3, mara 3 mpaka miezi 6, kisha mara 2.

Mwana wenu atafanya nini, basi? Mwambieni ukweli tangu mwanzo: mbwa ni wa mama na baba, naye ni msaidizi mkuu. Mtoto wa miaka 9 anaweza kubadilisha maji asubuhi na jioni, kumtafuta kupe baada ya shule, kumfundisha kukaa na kuja anapoitwa kwa vipande vya sambaza. Hawezi kuachiwa jukumu la kukumbuka dawa, wala kumtembeza peke yake barabarani, wala kuwaachanisha mbwa wanaopigana. Mfundisheni pia kusoma uso wa mbwa, jambo ambalo watoto hulipokea upesi kuliko watu wazima. Mbwa anayejilamba midomo wakati hakuna chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, anasema kwa heshima: niache kidogo. Akikaza mwili na kunyamaza ghafla, heshima imekwisha. Watoto wengi huumwa na mbwa wanayemjua, na mara nyingi ni wakati mbwa anakula, amelala, au amekumbatiwa shingoni. Kukumbatia ni lugha yetu. Kwa mbwa, mikono inayozunguka shingo ni kufungwa. Akwaruzwe kifuani na pembeni ya shingo, hapo atajilegeza mwenyewe. Binti yenu naye asiachwe na mbwa peke yake hata dakika moja, hata mbwa awe mpole kama njiwa, mpaka apite miaka 5 au 6. Ukiingia jikoni, mmoja wao aingie nawe.

Kuna mambo mawili ya Goma ambayo vitabu vya Ulaya havitawaambia. La kwanza ni mazuku. Mnaoishi Keshero, Himbi na Lac Vert mnaijua ile hewa isiyo na harufu inayotuama kwenye mabonde na mashimo ya mawe, hasa alfajiri kabla ya upepo na jua. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, na pua ya mbwa iko chini, palepale inapolala. Mbwa akifukuza panya hadi shimoni anaweza asitoke, na mtoto anayempenda atamfuata; ndiyo hofu yangu kubwa kuliko zote. Kwa hiyo kati ya vitoto 5, msichague kile kinachoondoka peke yake kuwinda na kusahau watu, chagueni kile kinachogeuka kutazama mko wapi. Na mwana wenu aapishwe: mbwa akianguka shimoni, haingii, anaita mtu mzima, na mtu mzima naye haingii bila kujua hewa ikoje.

La pili ni kuhama kwa ghafla. Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, ilipotolewa amri ya kuhama mliona wenyewe jinsi barabara ya Sake ilivyojaa watu. Niliporudi baada ya siku kadhaa, niliwakuta mbwa waliobaki kwenye minyororo, bila maji. Mzoezeni wenu ukanda wa shingoni na kamba tangu mwezi wa kwanza, ili siku hiyo ikija aweze kutembea karibu na mtoto, na asifungwe kamwe kwa kitu kisichofunguka upesi.

Mwisho umeuliza alale wapi. Asilale kwenye kona ya chini kabisa ya paseli, kwa sababu ya ile hewa ya mazuku niliyoitaja, wala kitandani mwa mtoto kabla dawa za minyoo na viroboto hazijafanya kazi yake. Wiki za kwanza, tafuteni boksi la mbao, mliinue kidogo juu ya mawe bapa, mtandike gunia kavu na kipande cha kitambaa ambacho jirani alikilaza chini ya mama yao kwa siku 2 au 3, ili kiwe na harufu yake. Liwekeni ndani, karibu na mlango wa chumba cha mwanenu. Usiku wa kwanza kitoto kitalia. Mwacheni kijana ateremshe mkono wake ndani ya boksi, akae hivyo mpaka kitoto kilale, na wewe Mama ukae naye.